Maua makavu juu ya kioo: shajara ya wiki tano, chupa sita na picha moja ya vioo viwili

Siku ya 1. Vifaa na kibanio

Kazi iliyopo mbele: chupa sita za jamu zigeuke taa za mezani, na vioo viwili vya sentimita 20 kwa 25 vifungwe pamoja viwe picha ya kutundika. Pambo la vyote ni maua yaliyobanwa yakakauka. Mahali ni Tanga mjini, na mwezi ni wa saba kwa makusudi. Kipupwe ndio wakati hewa ya pwani inapomruhusu mtu kukausha kitu kikakauka. Ukianza kazi hii katikati ya masika utashinda ukipambana na kuvu.

Kibanio ni vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12, kila kimoja sentimita 25 kwa 35, vimetobolewa pembe zote nne, tundu likiwa sentimita 2 kutoka ukingoni. Bolti nne za milimita 8, urefu wa sentimita 12, washa pana kila upande, na zile nati zenye masikio zinazokazwa kwa vidole. Asiye na bolti achukue tyubu ya baiskeli iliyochakaa, aikate kwa urefu, azungushe mara mbili. Inashinda kamba, kwa sababu rundo linapopungua unene kamba hulegea lakini mpira unaendelea kuvuta.

Ndani rundo linapangwa hivi kutoka chini: kadibodi, magazeti yaliyokunjwa mara mbili, karatasi nyeupe, maua, karatasi nyeupe, magazeti, kadibodi, na kuendelea. Tumeweka tabaka sita. Zaidi ya nane, maua ya katikati hayapati mbano wala hewa. Kadibodi iwe ya katoni yenye mawimbi katikati, kwa kuwa unyevu unatokea kwenye vile vitundu vya pembeni. Karatasi nyeupe ya kawaida inazuia wino wa gazeti usihamie kwenye petali. Gazeti linafaa kwa kuwa linanyonya, ila karatasi ya jarida linalong'aa hainyonyi kitu, na maua huivia humo kama yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tishu za jikoni zenye vinundunundu nazo tumeziacha: kila kinundu kinajichapa kwenye petali, na alama hiyo haitoki.

Kibanio cha aina hii hakina jipya. Wataalamu wa mimea wanatumia kitu hichohicho porini: mbao mbili, mikanda, magazeti na kadibodi. Hifadhi kubwa ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, ilianzia Amani, hapa hapa mkoani Tanga, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mimea iliyobanwa kwa magazeti miaka mingi iliyopita bado inasomeka humo, kwa hiyo njia hii tunaiamini kuliko dawa na poda zote zinazouzwa.

Siku ya 2. Kuchuma

Tumeanza saa nne asubuhi, umande ulipokwisha kabisa, na kabla jua halijayalegeza maua. Ua lenye tone moja la umande katikati litakuwa na doa la kahawia mahali pale pale. Kibanio tulikibeba hadi kwenye ua wa nyumba, kwa sababu dakika kumi mkononi zinatosha petali kujikunja.

Yaliyoingia: bugenvilia vipande 60, nyekundu ya zambarau na ya machungwa, lantana vishada 20, vinka ya rangi ya waridi 25, petali 30 za ua la waridi dogo, moja moja, haibiskasi 6, asmini 20, vitawi 15 vya kangaga, vitawi vya mwarobaini, na fungu moja la kotimiri kutoka sokoni. Hiyo kotimiri usiidharau. Jani lake lina mkato mwembamba kama limechorwa kwa sindano, halina unene, linakauka kwa siku nne, na fungu moja linatosha chupa zote sita. Majani ya karoti yanafanya kazi hiyohiyo.

Bugenvilia inataka kuelezwa. Kile cha rangi tunachokiita ua ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijiti cheupe katikati. Kijiti kina unene na maji, kwa hiyo kinang'olewa na majani yanabanwa moja moja. Ukiviacha pamoja, kijiti kinainua karatasi, majani yanayokizunguka hayaguswi na mbano, na yanakauka yakiwa na makunyanzi kama ngozi ya maembe ya zamani.

Lantana inabanwa kwa namna mbili: kishada kizima kikitazamishwa chini, na vijiua vikichambuliwa kimoja kimoja. Hivyo vidogo ndivyo vitakavyoziba nafasi baadaye, kwa hiyo tumechambua vingi kuliko tulivyodhani tungehitaji.

Kifauongo tulikitaka kwa ajili ya jani lake, lakini kinajifunga kabla mkasi haujakifikia. Njia iliyofanikiwa ni kukata tawi, kulitia kwenye glasi ya maji mahali pa kivuli, kungoja robo saa lifunguke, kisha kuliteremshia karatasi ya pili ghafla ikiwa na kitabu juu yake. Matawi mawili kati ya matano yalibaki wazi.

Siku ya 3. Kubadilisha magazeti, mara ya kwanza

Saa 24 zimetimia na magazeti yako baridi ukiyashika. Huo ubaridi ni maji yaliyotoka kwenye maua. Yakiachwa, maua yanalala juu ya kitambaa kibichi, rangi inakufa, na siku ya nne kuvu inaanza. Watu wengi huongeza uzito, wakaweka mawe na matofali, wakashangaa maua yanatoka ya kahawia. Uzito unanyoosha tu. Kinachokausha ni karatasi, na karatasi ikishiba haina faida tena.

Jinsi ya kubadilisha bila kuharibu: karatasi mbili nyeupe zinazokumbatia maua haziguswi wala hazifunguliwi. Zinainuliwa pamoja kama bahasha, magazeti ya chini yanatolewa, makavu yanawekwa, bahasha inarudi. Petali ya siku ya kwanza ni laini kuliko tishu iliyolowa, na ukiifungua itakufuata nusu juu nusu chini. Magazeti yaliyotoka yanaanikwa juani hadi yawe makavu kabisa, yanaachwa yapoe, yanatumika tena.

Nati zimekazwa upya. Rundo limepungua unene kwa karibu sentimita moja na zilikuwa zinazunguka zenyewe.

Siku ya 4 na 6

Magazeti yamebadilishwa siku zote mbili. Siku ya 6 yalikuwa makavu karibu kama yalivyoingia, isipokuwa kwenye tabaka la waridi.

Siku ya 7. Yaliyofeli

Bahasha zimefunguliwa kwa mara ya kwanza. Haibiskasi zote sita zimeng'ang'ania karatasi. Ua hili lina utelezi ndani yake, ule ule wa bamia, maana ni jamaa moja, na utelezi ukikauka unakuwa gundi. Dawa yake ni kubana petali kati ya karatasi ya kuokea isiyoshika kwa siku ya kwanza, kisha kuhamishia karatasi ya kawaida.

Asmini zote zimegeuka kahawia. Hili halina dawa kwenye kibanio. Petali nyeupe zenye nyama hugeuka rangi kama tufaha lililoumwa, kwa sababu seli zinapopondwa, kilichomo kinakutana na hewa kabla maji hayajaisha. Franjipani, lile ua jeupe la makaburini na mahotelini, litafanya vivyo hivyo, hata vibaya zaidi. Anayetaka weupe atafute maua membamba.

Vinka imetoka safi, ila rangi ya waridi imeelekea zambarau kidogo. Kangaga, mwarobaini na kotimiri ni kama zilivyochumwa.

Siku ya 9. Pasi na maikrowevu, kwa kulinganisha

Wanaotaka matokeo leo leo hutumia joto. Tumejaribu kwa maua mapya.

Pasi ya umeme, kwenye joto la chini kabisa, bila mvuke, maji yametolewa kwenye tangi. Ua kati ya karatasi mbili nyeupe, pasi inakandamizwa sekunde 12 bila kusuguliwa, inainuliwa sekunde 15, inarudiwa mara tano hadi sita. Lantana ya njano na majani ya kotimiri yametoka vizuri kuliko kwenye kibanio, kwa kuwa yamekauka haraka na rangi haikupata muda wa kuharibika. Bugenvilia imepauka na kuwa na kingo za kahawia, kwani rangi yake haivumilii joto. Pasi ya mkaa isitumike. Joto lake halipimiki na jivu linaingia kwenye karatasi.

Maikrowevu: vigae viwili visivyong'aa, karatasi, ua, karatasi, mipira ya kufungia noti kushikilia, chuma kisiwepo hata kidogo. Nguvu nusu, sekunde 30, kigae kinatolewa kipoe kabisa, halafu sekunde 15, kipoe, sekunde 15. Waridi limekauka kwa jumla ya dakika moja na rangi yake imebaki nzito. Sekunde 15 zilizozidi zimetoa petali za rangi ya chai, nazo huvunjika zikiguswa. Kwa petali nene hii ndiyo njia bora, lakini zinaingia tatu tatu, na kwa maua 200 utakesha.

Siku ya 14. Kufungua kibanio

Kipimo cha ukavu: ua linashikwa kwenye ncha kwa kibano na kunyanyuliwa; likining'inia halijakauka, likisimama kama kadi limekauka. Kipimo cha pili ni kuligusisha mdomo wa juu. Lenye maji bado linahisiwa baridi, na vidole haviwezi kutambua tofauti hiyo. Vishada vinne vya lantana vimeanguka mtihani huu ingawa vilionekana tayari, vimerudi kibanioni siku tatu.

Yaliyo tayari yamepangwa kwenye bahasha za karatasi kwa aina, bahasha kwenye kopo la bati lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vifuko hivyo vikishakaa hewani muda mrefu vimejaa maji. Chembechembe zake zikimwagwa kwenye sufuria na kuwekwa kwenye ovena ya nyuzi 110 kwa saa moja na nusu zinafufuka. Mchele watu wanausifia, lakini kwa hewa ya Tanga unanyonya kidogo mno, na unaleta wadudu.

Leo pia tumeanza jaribio la mwanga: kadi moja yenye petali za kila aina, nusu imefunikwa kwa karatasi nyeusi, imesimamishwa kwenye dirisha linalopigwa na jua.

Siku ya 15. Chupa

Zimelowekwa maji ya moto na sabuni ya unga usiku mzima, lebo zimevuliwa. Gundi iliyobaki imesuguliwa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kisha maji, mwisho pamba yenye spiriti. Kuanzia hapo chupa inashikwa kwa ndani au kwa mdomo tu. Alama ya kidole ni mafuta, na gundi ya maji haishiki juu ya mafuta. Baada ya wiki petali itabanduka umbo la kidole likionekana chini yake.

Siku ya 16. Gundi, na rangi iliyovuja

Gundi ni ile nyeupe ya mafundi seremala, vipimo vitatu vya gundi kwa kimoja cha maji, imepitishwa kwenye chujio la chai ili madonge yasiingie. Gundi ya kupika ya unga wa ngano au muhogo ni rahisi na inashika, lakini mende wanaila, na ua pamoja nayo.

Chupa namba 1 ilipambwa kwa bugenvilia. Gundi ilipakwa kwenye kioo kwa brashi laini ya sentimita 2, eneo la ukubwa wa petali moja tu, petali ikalazwa, ikakandamizwa kuanzia katikati kwenda nje kwa kipande cha plastiki juu yake. Dakika tano baadaye kila petali ilikuwa na michirizi ya waridi ikishuka kwenye kioo. Petali zenyewe zililainika zikaonesha upande wa pili.

Sababu iko kwenye rangi yenyewe. Wekundu wa bugenvilia ni betalaini, rangi ya familia moja na ile inayotoka kwenye bitiruti na mchicha mwekundu na kutia wekundu maji ya kupikia. Inayeyuka kwenye maji, na robo ya gundi yetu ni maji, bila kuhesabu yaliyokuwa kwenye gundi tangu dukani. Njano ya lantana ni karotini, ndugu wa ile ya karoti, ambayo inayeyuka kwenye mafuta na wala haisumbuliwi na maji. Ndiyo maana chupa namba 2, ya lantana na kotimiri, imekauka bila tone la rangi kutoka.

Chupa namba 1 imetumbukizwa kwenye maji ya vuguvugu dakika 20. Gundi yote ikabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Siku ya 17. Marekebisho

Bugenvilia, vinka na waridi zote zimepuliziwa kwanza vanishi angavu ya kopo, ile isiyo ya maji, pande mbili. Kopo liwe umbali wa sentimita 30, mpulizo mmoja mwepesi, dakika 20, zigeuzwe, mpulizo wa pili. Ukikaribia, upepo wa kopo unazipeperusha zote. Ukilowesha, petali inakuwa kama karatasi ya mafuta. Kazi hii ifanyike nje, penye hewa, mbali na moto. Kesho yake petali iliyopuliziwa ikawekewa tone la maji dakika kumi, na tone likabaki jeupe.

Petali hizo zimebandikwa kwa gundi isiyochanganywa na maji kabisa, tabaka jembamba mno. Mpangilio: majani kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayotoa mwelekeo, petali kubwa juu yake, vijiua vya lantana mwisho, kwenye mapengo. Mkusanyiko usizidi tabaka mbili, maana la tatu linainuka na vanishi haiwezi kulituliza. Sentimita 3 za juu ya kila chupa zimeachwa tupu.

Mtu asiongeze maua kwa kuona pengo mapema. Taa ikiwashwa ndani, pengo ndilo linalopitisha mwanga, na jani la kotimiri lenye nafasi pande zote linaonesha kila mshipa wake. Likizungukwa na petali linakuwa kivuli tu.

Siku ya 18 hadi 20. Weupe usiotoka

Chupa sita zimepakwa tabaka la juu la gundi iliyochanganywa, jembamba, brashi ikienda upande mmoja. Ni kawaida gundi kuwa nyeupe ikiwa mbichi na kuwa angavu ikikauka. Chupa namba 3 ilipakwa vanishi saa nne baadaye, ikaonekana kavu kwa kugusa. Siku ya 20 ina utando kama wa maziwa kuanzia katikati hadi chini, palipokuwa na gundi nene. Maji yalikuwa bado ndani, na vanishi imeyafungia mlango.

Tumeijaribu juani siku mbili. Kingo zimesafika, katikati haijabadilika. Imerudi kwenye maji ya vuguvugu, imeanza upya. Kwa hewa ya kipupwe tumeweka kanuni ya saa 24 kati ya gundi na vanishi. Wakati wa masika ziwe 48. Njia ya kupima ni kukandamiza ukucha pembeni: ukiacha alama, bado.

Chupa namba 5 ina mapovu mawili chini ya jani la kangaga. Povu likiwahiwa mbichi linatolewa kwa kutobolewa na sindano na kukandamizwa. Likikauka linaachwa, kulikata kunaharibu zaidi.

Siku ya 22. Vanishi

Vanishi angavu ya maji, mbili nyembamba, saa sita katikati, msasa hapana. Chupa zinasimamishwa kichwa chini juu ya chupa nyembamba za soda ili zisishike chochote.

Kuhusu moto: chupa hizi ni za taa ndogo za betri. Gundi nyeupe inalainika kwa joto na maua makavu yanashika moto. Mwenye kung'ang'ania mshumaa achague chupa yenye mdomo wa sentimita 8 au zaidi, aweke mchanga sentimita moja chini na mshumaa mfupi, asiondoke chumbani. Chupa hizi pia hazioshwi kwa maji. Zinafutwa kwa kitambaa kikavu.

Siku ya 24. Vioo viwili

Fundi vioo amekata vipande viwili vya milimita 3. Kingo zimelainishwa kwa msasa wa maji namba 220, kioo na msasa vikiwa vimelowa, mikono ina glavu, ili vumbi la kioo lisiruke. Kisha sabuni, maji, spiriti, na kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kufunga kumefanyika saa nane mchana, vioo vikiwa vimekaa juani saa moja hadi vikawa na joto mkononi. Saa hii si ya bahati nasibu. Hewa iliyomo kati ya vioo inafungwa milele. Ikifungwa jioni yenye unyevu, asubuhi ya kwanza ya baridi kutakuwa na mvuke ndani, baada yake kuvu. Maua nayo yalikaa usiku kucha kwenye kopo na vifuko vilivyofufuliwa.

Mpangilio ulichorwa kwanza kwenye karatasi ya kipimo kilekile, ikawekwa chini ya kioo, maua yakahamishwa moja moja kwa brashi kavu. Kila ua limeshikwa kwa nukta ya gundi isiyozidi punje ya ufuta, kwenye ncha ya kijiti cha meno, katikati tu. Gundi ikizidi, kioo cha juu kinaitandaza na doa linaonekana daima. Hapa vanishi ya kupuliza haihitajiki, kwa kuwa hakuna maji yanayogusa petali, na rangi zimebaki na ule ukavu wake wa asili. Kwa macho yetu hii ni nzuri kuliko chupa zote sita. Sentimita 1.5 za pembeni zimeachwa tupu.

Kingo zimefungwa kwa utepe wa aluminiamu, ule wa mafundi wa friji na viyoyozi. Unauzwa mpana, kwa hiyo umekatwa kwa rula vipande vya milimita 20: unene wa vioo viwili unachukua 6, zinabaki 7 kila upande. Pembeni unapishana sentimita moja, na unasuguliwa kwa mgongo wa kijiko hadi mikunjo iishe. Mara ya kwanza utepe ulianza kwenye pembe, ukafunguka. Anza katikati ya ubavu.

Silikoni ya mafundi tumeiacha. Aina ya kawaida inanuka siki inapokauka, na mvuke huo wa asidi ukifungiwa ndani unaweza kubadili rangi ya vinka na waridi.

Siku ya 26. Fremu

Vioo viwili vya kipimo hiki vina uzito wa robo tatu ya kilo. Utepe hauwezi kubeba uzito huo ukutani, hata ukitiwa kulabu nne. Seremala ametengeneza fremu ya mbao yenye mfereji wa milimita 8, vioo vimeingia na milimita mbili za nafasi, kwa sababu mbao ya pwani inavimba masika na kioo kisicho na nafasi hupasuka. Minyororo miwili imefungwa kwenye mbao, si kwenye kioo.

Siku ya 35. Ukaguzi

Kadi ya jaribio la mwanga imetolewa dirishani baada ya wiki tatu na karatasi nyeusi imeondolewa. Bugenvilia ya zambarau imepauka waziwazi upande wa jua. Vinka karibu imekwisha. Waridi limegeuka rangi ya matofali. Kangaga na kotimiri zimeelekea njano. Lantana ya njano inahitaji kutazamwa mara mbili kuona tofauti. Upande uliofunikwa, zote ziko kama siku ya 14.

Picha ilikuwa imetundikwa dirisha la kaskazini. Kwa Tanga mwezi wa saba jua liko upande huo, na litahamia kusini ikifika Desemba. Imehamishiwa kwenye ukuta wa ndani wa baraza, panapopata mwanga wa kutosha bila jua la moja kwa moja.

Vioo: hakuna mvuke asubuhi wala doa lolote. Chupa namba 3 iliyorudiwa iko angavu kabisa. Chupa namba 5 mapovu yako vilevile. Chupa namba 6 ina petali moja ya waridi iliyoinuka ncha. Imewekewa gundi kwa kijiti cha meno, imebanwa kwa kidole dakika mbili, na vanishi itapakwa kesho saa kama hii.